Choo Kinapopelekwa Maabara: Maswali Yanayoulizwa Kishushe

Kwa nini niletewe kichupa cha choo, na mimi nimezoea kutolewa damu?

Kwa sababu bakteria wanaotuharisha wamo tumboni, na hutoka na choo. Kile kipimo cha damu kiitwacho Widal, ambacho wengi hukiita "cha taifodi", hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili zilizotengenezwa kupambana naye, na aliyeugua zamani anaweza kubaki nazo. Ndiyo maana mtu huambiwa ana taifodi kila akipimwa!

Darubini haitoshi?

Kwa amiba, giardia na mayai ya minyoo, inatosha. Lakini bakteria wa kuharisha kama Shigela na Salmonela, na E. koli wa kawaida, tunaoishi naye sote bila ugomvi, chini ya darubini wote ni vijiti vinavyofanana kama mapacha. Kuwatofautisha kunataka kuwaotesha.

Wanaoteshwaje?

Choo kidogo hupakwa juu ya sahani yenye ageri, rojo ya mwani iliyotiwa virutubisho na rangi. Sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake bakteria wameota vidoa. Katika sahani iitwayo TCBS, bakteria wa kipindupindu hula sukari, wakatoa asidi, na vidoa vyao vikawa vya manjano. Katika sahani iitwayo XLD, Shigela hutoa vidoa vyekundu. Vya Salmonela navyo ni vyekundu, ila kwa kawaida vina kiini cheusi. Rangi hiyo ni dalili tu. Mtaalamu huendelea kupima kemikali, kisha huchanganya bakteria na tone la seramu maalumu: wakigandana, jina limepatikana.

Kampilobakta, bakteria mwingine wa kuharisha, ndiye mwenye madaha. Hutaka hewa yenye oksijeni kidogo, nyuzi 42 na siku mbili hivi, kwa hiyo maabara nyingi hazimtafuti. Ukisoma "hakuna kilichoota", uliza walimtafuta nani.

Ningoje majibu ndipo nitibiwe?

La hasha. Majibu huchukua siku mbili, tatu, na kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache. Anza papo hapo kunywa ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mtoto apewe zinki. Choo chenye damu, au mgonjwa aliyelegea: nenda zahanati mara moja.

Basi kuna faida gani kuotesha?

Maabara huonyesha pia dawa ipi bado inamuua bakteria huyo. Tena jina lake huwahusu majirani. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na mlipuko uliothibitishwa Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi. Mgonjwa mmoja akithibitishwa, maafisa wa afya huanza kutafuta kisima au chakula kilicholeta ugonjwa.

Sampuli itolewe vipi?

Kabla ya kumeza antibiotiki, ikiwezekana. Chombo kiwe safi, kisiwe na mkojo wala dawa ya kuua vijidudu. Choo kibichi kinatakiwa kifike ndani ya saa mbili, na kutoka Kishushe hadi Voi, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, kungoja gari peke yake kunaweza kuzimaliza. Mwombe mhudumu achovye pamba katika choo na kuitia kwenye kichupa cha Cary-Blair, kinachowahifadhi bakteria njiani. Na kichupa kiandikwe saa choo kilipotoka, si saa kilipofika.