Somo la Jamaa: Punguza Gharama, Usipunguze Chakula cha Watoto

Somo letu la mwezi huu ni la jikoni. Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia msome Methali 31:10-31 na Yohana 6:1-13. Mama wa Methali anakwenda mbali kutafuta chakula cha nyumba yake. Bwana Yesu, baada ya watu wote kushiba, anaagiza mabaki yakusanywe yasipotee. Kwa hiyo kuhesabu chakula si ubahili, wala si kukosa imani.

Tunajua hali ilivyo. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani, lile tunaloliita PAM, lilisimamisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini humu kwa kukosa fedha. Wamama wengi wanauliza: nitapunguza wapi tena? Nitajibu kwa kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Nilifika Kampala mwaka 2012 kutoka Rutshuru, na watoto wanne. Tulipanga chumba kimoja Katwe. Baba watoto alikuwa akibeba mizigo, akirudi na fedha kidogo jioni. Kila siku nilinunua kwenye duka la jirani: unga nusu kilo, mafuta ya kavera ndogo, sukari ya kufunga. Fedha ilipopungua niliondoa dagaa. Ilipopungua tena niliondoa maharagwe. Tukabaki na posho na chai ya rangi. Matumbo yalijaa, na mimi nikajisifu kwamba nimejua kubana.

Siku moja nilipeleka kitinda mimba kliniki kwa sababu ya kikohozi. Walimpima mkono kwa ule utepe wa rangi, ukasimama kwenye njano. Muuguzi aliniuliza mtoto amekula nini wiki hiyo. Nilipomjibu, alisema, "Mama, huyu anashiba, lakini halishwi." Niliona haya sana. Fedha niliyookoa ilikuwa imetoka mwilini mwa mtoto wangu.

Jirani yangu, mama mmoja Mganda mwenye umri mkubwa, aliposikia habari hiyo alinishika mkono akanipeleka Owino. Yafuatayo nilijifunza huko.

1. KATA NJIA YA KUNUNUA, USIKATE MAHARAGWE

Soko la Owino liko katikati ya Kampala, karibu na uwanja wa Nakivubo na stendi za teksi. Lilianzishwa mwaka 1971. Jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, kwa kumkumbuka Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1885. Wengi wanalijua kwa mitumba, lakini ndani yake kuna sehemu kubwa ya vyakula: maharagwe, karanga, unga, mchele, dagaa na mboga.

Jirani aliniambia kwamba maskini hununua kwa bei kubwa kuliko tajiri, kwa sababu hununua kidogo kidogo. Tuhesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Tuseme kavera ya mafuta ni shilingi 500, na kavera 14 zinajaza lita. Umelipa 7,000. Lita nzima ni 5,500. Ukitumia lita tatu kwa mwezi, umepoteza 4,500. Tuseme maharagwe dukani ni 3,600 kwa kilo, na sokoni ukinunua mengi ni 2,800. Kwa kilo 12 umepoteza 9,600. Jumla ni 14,100 kila mwezi, na hujala hata punje moja zaidi.

Utasema: sina fedha ya kununua mengi. Hata mimi sikuwa nayo. Tulijiunga jamaa nne, kila moja ikaweka fedha kidogo kila wiki. Mwisho wa mwezi tulituma watu wawili, maana fedha ya watu haiachiwi mtu mmoja. Tuseme nauli ya wawili ni 8,000 na mbebaji 4,000: jumla 12,000, kila jamaa 3,000. Ukiondoa hiyo kwenye 14,100, unabaki na 11,100. Hiyo ndiyo iliyorudisha dagaa na mboga kwenye sahani yetu. Kila kitu kiliandikwa kwenye daftari na kupimwa mbele ya wote.

2. JUA KUNUNUA

Andika orodha nyumbani, ukiwa umeshiba. Fedha iweke sehemu mbili, maana msongamano wa Owino una mikono mingi. Zunguka kwanza, uliza bei kwa watu watatu kabla ya kununua. Jifunze maneno machache ya Kiganda: "nnyabo" kwa mama, "ssebo" kwa baba, "nsalirako" yaani nipunguzie, na "nnyongerako" yaani niongezee. Salimu kwanza, asiyesalimu hapunguziwi.

Angalia mizani isimame kwenye sifuri kabla ya kupima. Kwa kikombe, tazama ndani kama chini hakijainuliwa. Vyakula vikavu nunua asubuhi, ukichagua kwa mwanga. Nyanya na mboga nunua jioni, wauzaji wasipotaka kulala nazo.

Dagaa, ambao hapa huitwa mukene na kwetu ndagala, chukua waliokaushwa juu ya nyavu, wanaong'aa. Waliokaushwa chini hujaa mchanga, na mara nyingi huenda kwenye chakula cha kuku. Karanga na mahindi yenye ukungu au yaliyosinyaa na kubadilika rangi usinunue hata kwa bei ya bure. Ukungu huo unaweza kuleta sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi.

3. SAHANI IWE NA WATU WANNE

Katika hospitali ya Mulago kuna kitengo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Huko wamama hufundishwa kitobero, yaani chakula cha mchanganyiko kwa mtoto. Mimi huwaeleza wamama hivi: sahani iwe na watu wanne. Wa kwanza ni wa nguvu: posho, ndizi, viazi au muhogo. Wa pili ni wa kujenga: maharagwe au karanga. Wa tatu ni wa mnyama: dagaa, yai au maziwa, hata kidogo. Wa nne ni wa kulinda: dodo, ile lengalenga yetu, au sombe, au matunda.

Posho na maharagwe husaidiana. Kinachopungua kwa mmoja kimo kwa mwenzake. Dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo hutoa chokaa ya mifupa kwa bei ndogo. Waoshe, wakaushe, uwasage, utie kijiko kwenye chakula cha mtoto aliyepita miezi sita. Kabla ya miezi sita, ziwa la mama linatosha. Mboga tia mafuta kidogo au karanga, ili mwili upate vitamini zake. Mawese usiyachome mpaka yawe meupe, kwa kuwa wekundu wake una faida. Sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa maana huzuia damu kupata madini ya chuma.

4. MAKAA NAYO NI CHAKULA

Ukiokoa 800 kwenye maharagwe kisha ukachoma makaa ya 1,500, umepata nini? Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya ukifunika sufuria. Pika ya siku moja, mchana na jioni. Kinachobaki kichemshwe vizuri kabla ya kula.

5. NINYI MLIO KAMBINI

Kwa ninyi wa Nakivale, Kyangwali na kwingineko, sisemi mpande basi kwenda Owino. Nauli itakula faida yote. Chukueni kanuni tu. Owino yenu ni msimu wa mavuno. Mwezi wa sita na wa saba, na tena wa kumi na mbili na wa kwanza, maharagwe hushuka bei. Jiungeni wakati huo mnunue gunia. Yakaushwe vizuri juani, yatiwe kwenye jerikani safi na kavu mpaka juu kabisa, kifuniko kikazwe. Wadudu walio ndani hukosa hewa wakafa. Na nyuma ya nyumba, hata kwenye gunia kuukuu lenye udongo, dodo itaota.

MWISHO

Mtoto wangu alipimwa tena baada ya miezi mitatu, utepe ukasimama kwenye kijani. Mapato ya baba hayakuwa yameongezeka. Ndugu, siku fedha itakapopungua, anza kukata mahali pengine: kavera ndogo, sukari, soda, deni la dukani. Maharagwe, dagaa na mboga viwe vya mwisho kuguswa. Na utepe wa mtoto ukifika njano au nyekundu, usingoje. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mwezi uliopita ulipopungukiwa, ulikata nini kwanza? Nani aliumia?
2. Ni vitu gani vitatu unavyonunua kidogo kidogo? Hesabu hasara yake kwa mwezi.
3. Ni jamaa zipi tatu unazoweza kujiunga nazo? Nani atashika daftari?
4. Katika kikundi chetu, kuna mama asiye na cha kuweka kabisa? Tutamwekea nani fungu lake?

Mungu awabariki, na aibariki meza ya kila nyumba.