Maneno Madogo Yenye Mzigo Mkubwa: Somo la Kusoma Kiingereza kwa Ufahamu

Ninyi walimu na wazee wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la watoto wa shule tu, kumbe laingia hata katika nyumba ya mtu asiyepata kushika kalamu. Jambo lenyewe ni kusoma Kiingereza na kufahamu kisemwacho. Kusoma ni jambo moja, kufahamu ni jingine. Mtu aweza kuyatamka maneno yote ya karatasi pasipo kukwama, na asijue karatasi imemwamuru nini.

Hapa Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, alitujia barazani mzee mmoja mwenye shamba la michikichi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekopa fedha kwa mfanya biashara mmoja, akakubali kulipa kwa mafuta ya mawese, naye alitia kidole gumba katika karatasi hiyo baada ya kusomewa na mwanawe. Maneno yalikuwa haya: "The seller shall deliver not less than ten tins of oil each month until the debt is paid." Kijana aliliona neno "ten tins", akamwambia baba yake, "Baba, wataka madebe kumi, basi." Mzee akapeleka madebe kumi, akarudi kwake akatulia, akidhani deni limekwisha.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, mwenye deni akaja. Kwa hesabu ya karatasi mzee alipaswa kuwa amepeleka madebe thelathini kwa uchache; kwa hiyo alidaiwa ishirini. Ili kuyapata hayo aliuza mtumbwi wake na wavu. Tulimwuliza kijana kwa upole, "Mwanangu, neno hili 'until' ulilijua?" Akainamisha kichwa, akajibu, "Sikulijua, bwana. Niliona haya kumwambia baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyenilipia shule."

Wala sisi hatumcheki. Tulipoanza kazi ya ukarani tulipata barua ituagizayo kufikisha orodha fulani "by Friday". Tukaitia orodha katika mashua ya siku ya Ijumaa, nayo ikafika Jumamosi. Tulidhani "by Friday" ni sawa na "on Friday". Kumbe maana yake ni "isipite Ijumaa". Siku ile tulijifunza kwamba neno la herufi mbili laweza kumwaibisha mtu mzima mbele ya wakubwa wake.

Kwa nini makosa haya ni mengi kwetu? Sababu moja ni njia ya masomo yenyewe. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa somo mojawapo. Lakini mtoto aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ni kama mtu aliyezoea kuvuka kijito kwa miguu, kisha ghafula akatiwa ziwani. Basi hushika maneno makubwa ayajuayo, akayaacha madogo yapite. Na haya madogo ndiyo yaliyobeba mzigo.

SOMO LENYEWE

Someni habari hii ya meli ijulikanayo na watu wote wa Kigoma. Tumeitunga kwa Kiingereza chepesi.

"The Liemba was built in Germany in 1913. She was taken to pieces, packed in boxes, and carried by sea and by rail to Kigoma, where workmen put her together again. In 1916 the Germans sank her themselves, because they did not want the enemy to take her. Before they sank her, they covered her engines with grease. The British did not raise her until 1924. She did not begin work again until 1927, when she was given the name Liemba."

Maswali:

1. Who sank the ship?
2. What did they do first, sink the ship or grease the engines?
3. How many years after she sank did the British raise her?
4. Was she called Liemba in 1916?
5. What was her first name?

Tafadhali msiendelee mpaka mmejaribu kujibu wenyewe.

MAJIBU NA MAELEZO

Swali la kwanza. Wengi hujibu "the British", kwa kuwa wameliona neno "enemy", nao wajua kwamba wakati ule Waingereza na Wadachi walikuwa vitani. Lakini tazameni neno "themselves", maana yake "wenyewe". Wadachi waliizamisha meli yao wenyewe, ili adui asiitwae.

Swali la pili. Walipaka grisi kwanza, ijapokuwa kuzamisha kumetajwa kwanza. Neno "before" ndilo lipangalo matendo. Tena hapa pana mtego kwetu Waswahili. Sisi husema "kabla hawajaizamisha", tukitia kanusho. Kiingereza hakitii kanusho hapo. Aandikaye "before they did not sink her" ametafsiri neno kwa neno, na Mwingereza hatamfahamu.

Swali la tatu. "Not … until 1924" ni "si kabla ya mwaka 1924". Ilizama mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Basi ni miaka minane.

Swali la nne. La, haikuitwa hivyo. Jina hilo ilipewa mwaka 1927. Angalieni pia "did not begin … until 1927". Mwanafunzi akiona "not" hudhani meli haikufanya kazi katika mwaka 1927. Sivyo. Maneno hayo mawili yakishikana maana yake ni kwamba kazi ilianza mwaka huo, wala si kabla yake.

Swali la tano ndilo lililo gumu, kwa sababu habari yetu haikulitaja jina la kwanza. Sisi twajua kwamba meli iliitwa Graf von Götzen, lakini hatukulipata katika maneno hayo. Jibu la haki ni "The passage does not say." Msomaji mwema hutofautisha aliyoyasoma na aliyoyasikia kwingineko. Yule kijana wa mawese angalijua jambo hili, asingalisema "basi", kwa maana neno "basi" halikuwamo katika karatasi.

Pana mambo mawili ya sarufi humu. La kwanza ni "she" na "her". Kiswahili chasema "alikuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza huwatenga kwa "he" na "she". Na kwa desturi ya mabaharia wao, meli huitwa "she". Msidhani kwamba habari imemtaja mwanamke. La pili ni tendo la kutendwa. Sisi twatia w katika kitenzi: iliundwa, ilipewa. Waingereza hutanguliza "was", kisha kitenzi: "was built", "was given". Mkiona "was" namna hiyo, ulizeni mara moja: aliyetenda ni nani, ametajwa au hakutajwa?

MANENO YA KUSHIKA

"Unless" ni "isipokuwa" au "ila kama".
"Until" ni "mpaka" au "hata".
"Not less than ten" ni "kumi au zaidi". "Not more than ten" ni "kumi au pungufu".
"Each month" ni "kila mwezi", si mwezi mmoja.
"By Friday" ni "isipite Ijumaa".
"Shall", katika mapatano, ni amri: hana budi.

JINSI YA KUJIZOEZA

Kwanza, soma karatasi yote toka juu hata chini kabla ya kutafsiri neno lo lote. Pili, katika kila sentensi tafuta kitenzi na mtendaji wake. Tatu, pigia mstari maneno madogo kama haya tuliyoyataja. Nne, lisilojulikana litazame katika kamusi. Walimu wa zamani walitumia ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na tangu mwaka 1996 iko ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tano, mweleze mtu mwingine kwa Kiswahili ulichosoma. Ukikwama, hapo ndipo hukufahamu. Nusu saa kila jioni yatosha.

Nanyi wazee, twawasihi jambo moja. Mtoto akisema "neno hili silijui", msimwambie kwamba ada imepotea bure. Mshukuruni, kisha ipelekeni karatasi kwa mwalimu kabla ya kutia kidole. Mzee wetu wa michikichi sasa hufanya hivyo. Mwanawe humsomea, na kila neno la mashaka hulipigia mstari kwa penseli, nao huja kwetu wote wawili.

Zoezi la kumalizia: "No child under sixteen may enter the boat unless a parent goes with him." Mtoto wa miaka kumi na miwili amekuja na babaye, nao wasafiri pamoja. Je, aruhusiwa kupanda au haruhusiwi? Andikeni jibu kwa Kiswahili, mkataje neno lililowaongoza.