Upinde wa Kuwindia Ayala Wakati wa Baridi

Ayala wa Marekani hufanana na kulungu, lakini dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Katika jimbo la Wisconsin, wenye pinde walitengewa majira yao ya kuwinda mwaka 1934. Mpaka leo, mwezi wa Desemba, huwaotea ayala wajao kula mabaki ya mahindi katika theluji.

Je, mwindaji achague upinde gani? Sheria ya huko hutaka uzito wa kuvuta usiopungua ratili 30. Wengi hupenda ulio mgumu zaidi. Lakini mtu aliyekaa kimya kutwa juu ya mti, vidole vikafa ganzi, hashindi upinde aliouvuta kwa urahisi nyumbani. Basi ujaribu hivi: vaa nguo zote za baridi, keti kitini, inua miguu, uvute polepole, kisha urudishe ugwe taratibu. Ukishindwa, chagua ulio mwepesi.

Sumu imekatazwa; mshale huua kwa kukata tu. Chembe kiwe kikali kama wembe, na mnyama awe karibu, amekupa ubavu. Mkono ukitetemeka, usipige. Ayala aliyejeruhiwa hukimbia akafa mbali, na nyama yake haimfai mtu. Afadhali kurudi mikono mitupu.