Mto ulio chini ya shamba: tuchimbe wapi kisima, tuchimbe wapi choo



Swali moja linarudi karibu kila mara tunapokaa na komite za maji kandokando ya Lualaba: "Kati ya choo na kisima tuache mita ngapi?" Wengi wanajua jibu tayari: mita 30. Jibu hilo si baya, mashirika ya misaada yanalitumia dunia nzima. Lakini peke yake linaweza kutudanganya, zaidi sisi tunaoishi juu ya udongo ulioletwa na mto. Kwenye udongo wa namna hii, mita 30 za sehemu moja zinaweza kulinda kisima mwaka mzima, na mita 30 za sehemu nyingine, hatua chache tu kutoka pale, zisilinde hata wiki moja. Somo la leo ni juu ya tofauti hiyo.

Tuanze na mto wenyewe. Lualaba inatoka mbali, kule Katanga. Inapita mabwawa ya Upemba, inapokea maji ya Lukuga yanayotoka Ziwa Tanganyika, inapita Kongolo na Kasongo, ndipo inafika Kindu na kuendelea kaskazini kuelekea Ubundu. Mito kama Elila na Ulindi nayo inashuka kutoka milima ya mashariki na udongo wake. Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba changarawe na mchanga. Yakipunguza mwendo, yanaacha changarawe kwanza, halafu mchanga, yanabaki na tope. Yakisimama kabisa, kama vile kwenye bonde baada ya mto kufurika, yanaacha hata lile tope laini, na tope hilo ndilo linakuwa udongo wa mfinyanzi, ule mama wanafinyangia vyungu.

Mto haulali mahali pamoja. Wavuvi wanajua vile mafungu ya mchanga yanahama, na wenye maboti ya Ubundu wanajua vile wakati wa kiangazi njia ya mwaka jana haipitiki tena. Kwa miaka mingi sana, mkondo mzima unaweza kuhama. Njia ya zamani inabaki imejaa mchanga na changarawe, kisha mafuriko yanakuja juu yake mwaka baada ya mwaka na kuifunika kwa mfinyanzi. Wewe unayelima juu unaona shamba sawasawa, muhogo unaota vizuri. Chini, mita 3 au 5, kuna mto mzee uliozikwa. Na maji bado yanatembea ndani yake.

Hapo ndipo kuna mambo. Mtu akichimba kisima na kugonga ule mchanga wa mto mzee, maji yanakuja mengi na kila mtu anafurahi: "Hapa maji iko mingi, tusimame hapa hapa!" Ni kweli yako mengi. Lakini njia inayoleta maji kwa upesi ndiyo ile ile inayoleta uchafu kwa upesi. Sisi, tukisikia kisima kipya kinatoa maji mengi kuliko vyote vya kijiji, swali letu la kwanza ni: mchanga huu unatoka wapi, na nani amechimba choo juu yake?

Aliyepima jambo hili kwanza kwa hesabu ni fundi Mfaransa, Henry Darcy. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya maji ya mji wa Dijon, na ndani yake alieleza vile alipitisha maji kwenye bomba lililojaa mchanga na kupima. Alichokipata ni rahisi: mwendo wa maji unategemea vitu viwili, mtelemko wa maji na aina ya udongo unaopitiwa. Mtelemko hautofautiani sana kutoka shamba moja hadi lingine. Aina ya udongo inatofautiana mara maelfu.

Tufanye hesabu ya mfano, maana kila kijiji kina mchanga wake. Tuseme maji ya chini yana mtelemko wa mita 1 kwa kila mita 100. Kwenye mchanga mnene, maji yanaweza kutembea karibu sentimita 80 kwa siku. Kwenye changarawe yanaweza kufika mita 8 kwa siku. Kwenye mchanga laini, sentimita 8 tu. Na kwenye mfinyanzi mzuri usio na nyufa, hata milimita 1 kwa siku hayafiki.

Sasa tulinganishe na maisha ya vijidudu. Vijidudu vingi vya kuharisha vinavyotoka chooni vinakufa vyenyewe chini ya ardhi vikikaa muda wa kutosha, ingawa vingine, zaidi virusi, vinadumu kuliko wenzao. Ujerumani, wanapolinda visima vya maji ya kunywa, hawahesabu mita tu, wanahesabu siku: maji yatembee chini ya ardhi siku 50 kabla ya kufika kisimani. Rudi kwenye mfano wetu. Kwenye mchanga mnene, siku 50 ni mita 40, kwa hiyo mita 30 hazitoshi. Kwenye changarawe, mita 30 zinaisha kwa siku 4. Kwenye mchanga laini zinachukua zaidi ya mwaka, tena ule mchanga laini unachuja vijidudu njiani kama kitambaa. Kipimo ni kile kile cha mita 30, lakini watoto wa nyumba moja wanakunywa maji salama na wa nyumba nyingine wanaharisha.

Kuna desturi moja tungependa mijadala ya koperative iifikirie upya: choo kirefu. Watu wanapenda kuchimba mita 5, 6, hata zaidi, juu choo kinakaa miaka mingi bila kujaa. Kwenye mlima wenye udongo mzito hatuna ugomvi nacho. Kwenye bonde la mto, kinaweza kuwa kosa kubwa kuliko kuweka choo karibu na kisima. Mfinyanzi wa juu ndio mfuniko wa asili wa maji yetu. Ukiutoboa mpaka kwenye mchanga wenye maji, umefungua mlango kwa mikono yako, na choo hakijai kwa sababu kinamwaga ndani ya mto mzee. Choo cha bondeni ambacho hakijai miaka nenda miaka rudi si cha kusifiwa. Kanuni ya mashirika inasema chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji. Ni mita 1.5 kutoka maji ya wakati wa mvua, si ya kiangazi. Mahali ambapo hilo haliwezekani, afadhali shimo fupi na choo kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa matofali, kihamishwe mara kwa mara. Ni kazi zaidi, tunajua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei: maji ya chini yanaweza kubadilisha upande. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, mto umeshuka, na maji ya ardhini yanatoka mashambani kwenda mtoni. Kisima kilicho upande wa juu wa choo kiko salama. Mto ukijaa na kupita kimo cha maji ya ardhini, maji yanasukumwa ndani ya kingo na kurudi kuelekea mashamba, na yakikuta mchanga wa mto mzee yanaingia mbali. Kisima kilichokuwa juu ya choo sasa kiko chini yake. Kwa sababu hiyo, kupima kiangazi peke yake hakutoshi kwa visima vilivyo karibu na mto.

Komite inaweza kujua upande wa maji bila injinia. Tafuteni visima vitatu ambavyo havikai kwenye mstari mmoja. Kwa ule mpira mwembamba wenye maji ndani, ambao waashi wanautumia kusawazisha ukuta, wekeni alama ya kimo kimoja kwenye mti uliosimamishwa kando ya kila kisima. Halafu shusheni kamba yenye jiwe kutoka kwenye alama mpaka kugusa maji, asubuhi kabla watu hawajaanza kuteka. Tuseme kisima cha kwanza kamba ni mita 2.0, cha pili mita 2.3, cha tatu mita 2.9. Maji yaliyo juu zaidi ni ya kisima cha kwanza, na yanaelekea kwenye upande wa kile cha tatu. Kama kati ya hivyo viwili kuna mita 90, tofauti ya sentimita 90 ndiyo ule mtelemko wa 1 kwa 100 wa mfano wetu. Andikeni kwenye daftari pamoja na tarehe, mrudie mto ukijaa.

Na aina ya udongo? Kila anayechimba kisima au choo atoe gao moja la udongo kila nusu mita, aliweke ndani ya chupa ya plastiki inayoonekana ndani, aongeze maji, atikise kwa nguvu, aache. Mchanga unalala chini ndani ya dakika moja. Tope la katikati linachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unabaki umechafua maji hadi kesho yake na hata zaidi. Chupa zikipangwa kwa mfuatano wa kina, mnaona mto mzee kwa macho yenu: pale ghafla chupa inapokuwa safi upesi, ndipo ulipo.

Kwa sisi wakulima kuna uchafu usiotoka chooni. Mbolea ya dukani kama yurea inageuka naitreti, nayo haifi kama kijidudu na haishikwi na udongo. Inatembea pamoja na maji. Ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji ya kisima hicho. Wanaolima lengalenga na nyanya kwenye mchanga wa kingo, wagawe mbolea kidogo kidogo, mara nyingi, wasiiweke siku mawingu yamejaa. Dawa nyingi za wadudu ni kinyume: zinashikwa na mfinyanzi na mboji, lakini kwenye mchanga mtupu hakuna cha kuzishika. Pompi ya dawa isioshewe kisimani hata mara moja. Zebaki ya wachimbaji wa dhahabu nayo inapenda kushikana na tope laini, inasafiri nalo na kulala mahali maji yanaposimama, pale pale samaki wanapokula.

Wakati mwingine sumu iko ndani ya udongo ulioletwa na mto. Bangladesh, nchi iliyojengwa na tope la mito mikubwa, watu waliacha maji ya madimbwi juu ya kuharisha wakachimba visima vya bomba kwa mamilioni. Katika miaka ya 1990 ikajulikana kwamba vingi vilikuwa na aseniki kutoka kwenye udongo wenyewe. Aseniki haina rangi, haina harufu. Ni kwa kupima tu inaonekana. Kwa hiyo foraje mpya ya bondeni, hata ikiwa safi kama machozi, tunaomba ipimwe kabla ya kukabidhiwa kijiji.

Mtu asielewe vibaya: visima vingi vinachafuliwa kupitia mdomo wake, kwa ndoo inayolala matopeni, kamba chafu na maji yanayomwagika na kurudi ndani. Ukuta wa juu, sakafu ya simenti na mfinyanzi ulioshindiliwa kuzunguka mita za kwanza vinazuia mengi, na klorini au kuchemsha bado ni lazima. Lakini kisima chenye mdomo safi kilichosimama kwenye mto mzee chini ya vyoo vya kartiye nzima, simenti haikiponyi.

Komite zinazotaka kuanza zichague visima vitatu na kupima kamba mwezi wa 7, maji yakiwa chini. Mlete daftari na zile chupa kwenye mkutano unaofuata wa koperative, tuzisome pamoja kabla mtu yeyote hajachimba choo kipya.