Tusiwe Wasikiaji Tu
(Somo: Yakobo 1:19–27)

Neno la Mungu twalisikia mara nyingi. Twalisikia kanisani na katika mafundisho, tena wengi wetu twalisoma wenyewe nyumbani. Hiyo ni neema kubwa. Lakini Yakobo aonya ya kuwa mtu asikiaye tu, asitende, ajidanganya nafsi yake. Angalieni, hasemi kwamba awadanganya jirani zake. Jirani hawadanganyiki, maana wayaona matendo yake. Adanganyikaye ni yeye mwenyewe.

Kisha atoa mfano wa kioo. Vioo vya siku zile vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, na mtu alikuwa hana budi kutazama sana ili auone uso wake vema. Yule mtu wa mfano alijitazama kweli. Kosa lake ni kwamba alikwenda zake, akasahau, asitengeneze kitu.

Labda mtu atauliza, “Je, hatuokolewi kwa imani pasipo matendo ya sheria?” Naam, ndivyo, na msingi huo hatuuachi. Martin Luther mwenyewe, katika mwaka 1522, aliulinganisha waraka huu na nyaraka za Paulo, akauona mwepesi kama majani makavu. Walakini mwaka ule ule, katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi, alifundisha ya kuwa imani ni kitu chenye uhai, kisichoweza kukaa pasipo kutenda mema. Tena katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, haielezi amri ya tano kuwa ni kutoua tu, bali ataka tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Mti hauwi mwembe kwa kuzaa maembe. Wazaa maembe kwa kuwa ni mwembe. Ndivyo ilivyo imani na matendo.

Basi, tujipime wapi? Yakobo ataja ulimi, na yatima na wajane. Ndugu akifa, twakusanyika, twaimba, twaomba. Lakini matanga yakiisha, huanza maneno ya shamba na ng'ombe, na pengine mjane na wanawe hufukuzwa katika shamba walilolilima miaka mingi. Na wafukuzao huwa ni watu wa ushirika, waliosikia somo hili hili. Wengine twanyamaza, tukisema, “Hayo ni mambo ya ukoo.” Ndugu, ukoo wetu ndio mahali tulipopewa kulitenda Neno. Mzee wa kanisa akinyamaza katika kikao cha ukoo, mjane yule atayasadikije mahubiri ya Jumapili?

Nasi tufundishao tu katika hatari kubwa zaidi, maana twaweza kutayarisha somo kwa ajili ya wengine, wala tusiulize latutaka sisi nini. Tusome Ezekieli 33:30–33: watu walimjia nabii, wakapendezwa naye kama mwimbaji mwenye sauti nzuri, wasitende neno lo lote alilolisema.

Basi juma hili kila mtu achague jambo moja alilolisikia, alitende kabla ya Jumapili. Bwana aliyetupa masikio atupe na mikono.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini msikiaji asiyetenda hujidanganya mwenyewe?
2. Imani na matendo vyahusianaje?
3. Katika ushirika wetu, ni mjane au yatima yupi anayengoja tulitende Neno?