Stoki ya juma: tafuta mstari wa mwisho, usijumlishe



Mnunuzi wa maharagi akipiga simu kutoka Goma na kuuliza «Muko na kilo ngapi?», mwenye kulinda depo anafungua fishi ya stoki. Akijibu vibaya, gari litafika Masisi na maharagi hayatatosha. Safari hiyo nani atailipa? Leo tujifunze kusoma fishi juma kwa juma.

Tuchukue mfano. Kila mara maharagi yakiingia ao yakitoka, tunaandika kilo zilizobaki:

Tarehe 2, siku ya kwanza: 400
Tarehe 5, siku ya ine: 650
Tarehe 7, siku ya posho: 520
Tarehe 10, siku ya pili: 300
Tarehe 13, siku ya tano: 380

Mwingine atajumlisha 400, 650 na 520, apate 1570. Kilo hizo hazikulala depo hata siku moja, maana zile 520 ni mabaki ya zile zile 650. Mwingine atachukua namba kubwa, 650. Ilikuwa kweli tarehe 5, lakini kisha kilo 130 zilitoka.

Fanya hivi:

1. Gawa mistari kwa majuma. Mupatane kwanza juma linaanza siku gani.
2. Katika kila juma, tafuta tarehe ya mwisho.
3. Soma kilo za mstari ule ule.

Jibu: juma la kwanza 520, la pili 380.

Kama siku moja iko na mistari miwili, saa ndiyo itaamua. Kwa hiyo iandikeni. Kama juma halina mstari, usiweke sifuri. Ikiwa kweli hakuna kilichoingia wala kutoka, beba hesabu ya juma lililotangulia na uandike «hakuna mwendo».

Wenye kutumia kompyuta, muangalie. Ukiiomba tarehe kubwa na kilo kubwa, itakuletea tarehe 7 na kilo 650, mstari ambao haupo kwenye fishi. Iagize kwanza itafute tarehe ya mwisho ya kila juma, kisha irudi kuleta mstari mzima wa tarehe hiyo.

Popote pasipo umeme, kaye na kalamu vinatosha. Na kabla ya kumuahidi mnunuzi, pimeni magunia kwenye mizani: fishi na depo vinapashwa kusema neno moja.