Somo la Mwezi: Kuishinda Hofu ya Mwenye Kujifunza Pikipiki



Katika Ntalikwa na pande zote za Tabora pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Mwinjilisti huipanda aende kwa mgonjwa aliye mbali; mkulima huchukulia asali yake na tumbaku yake; mama aliyeshikwa na uchungu usiku hufikishwa kwa waganga kwa chombo hicho hicho. Walakini wako miongoni mwetu waliopewa pikipiki, nao kila waitazamapo mikono yawatetemeka. Wengine huona haya kusema. Wengine hujitia ushujaa wasio nao, wakaanguka. Wengine huiegemeza ukutani hata ikashika kutu, na wagonjwa waliokuwa wakingoja wakangoja bure. Kwa ajili ya hao wote twaandika somo hili.

1. Hofu ni nini, na yafanya nini mwilini

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa hofu yenyewe si aibu. Mungu ameitia ndani ya mwanadamu iwe mlinzi wake. Asiyeogopa kamwe hajui anachokipanda. Lakini mlinzi akipewa ufalme huwa mdhalimu, na hofu ikimtawala mpanda pikipiki humletea lile lile aliogopalo.

Tazameni jinsi inavyokuwa. Mtu aliyeshikwa na hofu hukaza mabega, hunyosha mikono kama fimbo, hubana pumzi, na kushika usukani kwa nguvu zake zote. Basi kila mtikisiko wa mwili wake waingia katika usukani, na gurudumu la mbele layumba. Akiona layumba huogopa zaidi. Akiogopa zaidi hukaza zaidi. Tena hupunguza mwendo mno, akidhani mwendo wa kobe ndio salama. Lakini kila aliyepata kupanda baiskeli ajua ya kuwa chombo cha magurudumu mawili husimama vizuri kikienda, na kikikaribia kusimama ndipo kitakapo kuanguka.

Dawa yake si kujikemea. Ni kuulegeza mwili. Toa pumzi polepole. Kunja viwiko kidogo. Bana tangi kwa magoti, mikono iwe ya kuongoza tu, wala si ya kujishikilia. Mwili ukitulia, moyo nao huufuata.

2. Safari ya kwanza iwe fupi

Sisi tukaao Tabora twakaa juu ya njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda hata Ujiji. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda njia ile kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo kama 30. Walikuwa mashujaa wa safari, walakini ushujaa wao haukutoka katika kujitupa. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Unyamwezi wenye miaka sita au saba walikuwa wakibebeshwa pembe ndogo ya ndovu begani, ili wauzoee mzigo. Tena msafara ulipoondoka pwani, siku ya kwanza haukwenda mbali. Ulipiga kambi karibu, ili mizigo iliyofungwa vibaya ifungwe upya, na vilivyosahauliwa viletwe.

Hekima hii yamfaa mwenye kujifunza pikipiki. Asianze barabarani kati ya malori. Aanze katika uwanja mpana, wenye ardhi ngumu, usio na watoto wachezao, naye awe na mwalimu mvumilivu. Na mafundisho yafuatane hivi:

Siku ya kwanza, mashine isiwashwe. Aisukume pikipiki, aujue uzito wake, aizoee breki, aipandishe na kuishusha katika stendi yake. Hofu nyingi hutoka katika kutokujua uzito huu.

Kisha iwashwe, naye ajifunze klachi tu. Aiachilie polepole hata asikie mashine imeanza kuvuta, aikamate tena, asimame. Arudie mara nyingi, miguu ikigusa chini. Akijua ya kuwa kwa kukamata klachi aweza kuuondoa mvuto wa mashine saa yo yote, nusu ya hofu yake imekwisha.

Baadaye aende moja kwa moja na kusimama. Halafu ajifunze kukata kona, akizunguka mawe mawili yaliyowekwa mbalimbali. Mwisho aijaribu njia ya mchanga.

Kila fundisho liwe la nusu saa au zaidi kidogo, wala si la siku nzima, maana mtu aliyechoka hujifunza makosa. Wala asiliache fundisho moja kabla mwili wake haujalizoea, hata likiwa dogo. Haraka haraka haina baraka.

3. Jicho litazamapo, ndipo chombo kiendapo

Jambo hili ni kubwa kuliko yote, nasi twawasihi mlishike. Mpanda pikipiki aliyeliona shimo, akalikazia macho kwa hofu, ataingia shimoni humo. Si uchawi wala bahati mbaya. Mikono na mwili wa mtu hufuata macho yake bila yeye kujua. Kwa hiyo ukiliona shimo, au jiwe, au ng'ombe katikati ya njia, litambue, kisha uondoe macho hapo, uyaweke mahali palipo wazi unapotaka kupita. Na katika kona tazama mwisho wa kona, usitazame gurudumu lako.

Ndugu, twakumbuka habari za Petro katika Mathayo sura ya 14. Alipomtazama Bwana alitembea juu ya maji. Alipoutazama upepo, alianza kuzama. Upepo ule ulikuwapo tangu mwanzo, wala haukuongezeka. Kilichobadilika ni mahali pa macho yake. Twaweza kujifunza neno hili kanisani, na twaweza kulijifunza juu ya pikipiki, nalo ni neno lile lile.

4. Breki, mchanga na matope

Wanafunzi wengi huiogopa breki ya mbele, wakitumia ya nyuma peke yake. Lakini chombo kinaposimamishwa uzito wake huegemea mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Katika ardhi ngumu na kavu tumia zote mbili pamoja. Na ile ya mbele ikamuliwe polepole, isinyakuliwe.

Mchanga una sheria zake. Njia zetu za kiangazi zimejaa mchanga, na gurudumu huogelea ndani yake. Punguza mwendo kabla hujaingia; ukiisha kuingia, usikamate breki ya mbele kwa ghafula, wala usikate mafuta ghafula. Kaa nyuma kidogo, legeza mikono, endelea kwa mwendo ule ule wa utulivu, uache usukani ucheze kidogo. Na masika yakija, udongo mweusi wa mbugani hunata katika magurudumu na kuteleza. Hapo si haya kushuka na kusukuma. Aliyeshuka atafika, aliyeona haya huenda asifike.

Kumbukeni tena ya kuwa mtu aendaye kilometa 50 kwa saa hupita mita 14 kwa kila sekunde. Katika muda wa kushtuka tu, kabla mkono haujaifikia breki, amekwisha kwenda mita nyingi. Aendaye kilometa 30 hupita mita 8 tu. Kwa hiyo mwanafunzi asijipime na vijana wa bodaboda waliozoea. Mwendo wake na uwe ule ambao aweza kusimama ndani ya njia anayoiona.

5. Kofia na leseni

Hofu nyingine ni ya haki, maana yatokana na kukosa kinga. Hofu ya namna hii haiondolewi kwa maneno, huondolewa kwa kinga yenyewe. Uchunguzi uliokusanya kazi za wataalamu wengi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa sehemu kama 42 katika mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu kama 69. Lakini kofia iliyotundikwa katika usukani hailindi kichwa, wala ile isiyofungwa kidevuni. Vaa pia viatu vilivyofunika mguu. Pata leseni kwa njia ya haki. Aliye na leseni na kofia akutanapo na askari njiani moyo wake hautetemeki. Wala usimchukue abiria mpaka umekuwa bwana wa chombo chako, maana roho ya mwenzio si kitu cha kujifunzia. Na asiwepo atafutaye ujasiri katika pombe. Pombe haiondoi hofu, huondoa akili, na hatari hubaki palepale.

6. Neno kwa wazee wa sharika

Neno hili la mwisho si la wanafunzi, ni letu sote. Usharika ukimpa mwinjilisti pikipiki leo, na kumtuma kesho mtaa wa mbali, umempa mzigo wa mtu mzima asiyewahi kubeba hata pembe ndogo. Akianguka, tusiseme ni shetani tu. Tumpe muda wa kujifunza, na mwalimu, na kofia, kabla hatujamdai kazi. Wala tusimcheke akizimikiwa na mashine mbele ya kanisa. Kicheko hicho humfanya aende mbio kabla ya wakati wake, na huenda tukamlipia kwa machozi. Vivyo hivyo mama au binti atakaye kujifunza asizuiwe kwa dhihaka. Klachi haijui mwanamume wala mwanamke.

Basi, ewe uliye na hofu, usingoje iishe kabisa ndipo uanze. Anza kidogo, mahali salama, pamoja na ajuaye, nayo itapungua kila siku hata irudi katika kazi yake ya ulinzi. Siku utakapofika kwa mgonjwa aliyekungoja, utajua kwamba hukujifunza bure.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Hofu ilindayo na hofu ifungayo zatofautianaje? Toeni mifano ya njia zetu.
2. Kwa nini mtu aliyelikazia macho shimo huingia shimoni? Habari za Petro zatufundisha nini hapo?
3. Usharika wetu wafanya nini kabla ya kumkabidhi mtumishi pikipiki? Ni lipi limepungua?
4. Ni nani katika mtaa wetu angoja kutembelewa, naye hajatembelewa kwa sababu ya hofu ya njia?